Simu mpya imezingua? Jinsi ya kuirudisha dukani Arusha au Moshi bila kuzungushwa

Nina stesheni ndogo hapa Kaloleni Arusha, natoa kopi na kuchapa barua, na haupiti mwezi bila mtu kuingia na boksi la simu mkononi anataka nimchapie barua kali ya kumshtaki mwenye duka. Namuuliza risiti iko wapi, hamna. Namuuliza simu ulishaipeleka kwa fundi, anasema ndio ila aliifungua kidogo tu. Muuzaji ulimwambia lini? Nilimpigia. Basi hapo mtu mwenye haki yake kabisa ameshaifanya kesi yake kua ngumu, na wote wanakosea palepale, ndo maana nimekaa nikaandika hatua zote kwa mpangilio. Zifuate kama zilivyo, usiruke.

## Andaa hivi kwanza

- Risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya TRA. Kama huna, meseji ya malipo ya M-Pesa, Airtel Money au ya benki, au risiti ya mkono yenye jina la duka
- Boksi la simu na kila kilichokuja nacho: chaja, waya, kava, kikaratasi cha waranti
- Simu nyingine ya kurekodia vidio, ya jirani inatosha
- Namba ya muuzaji ya WhatsApp au ya meseji za kawaida
- Daftari la kuandika tarehe, saa na jina la uliyeongea naye
- Nakala ya kitambulisho chako, huko mbele itatakiwa

Kama ulinunua bila risiti usikate tamaa. Rudi dukani ukiwa mpole, mwambie unaomba risiti yako ya siku ile, kabla hujataja ubovu wowote. Kisheria muuzaji anatakiwa kutoa risiti na mnunuzi anatakiwa kuidai, ule msemo wa TRA wa ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti upo kwa sababu hiyo. Akikataa, ile meseji ya lipa namba ina jina, kiasi, tarehe na saa, ni ushahidi mzuri tu. Usiifute.

## Hatua ya 1: Acha kuitumia na usimpe fundi

Ukiona tu simu inajizima, inapata moto, haisomi laini au tachi inacheza yenyewe, iweke chini. Usiendelee nayo wiki tatu huku unasema labda itakaa sawa.

Na fundi usimpe. Najua mafundi wetu wanajua kazi, wapo pale mtaani na ni watu wa karibu, mtu anakwambia lete dada yangu niiangalie dakika mbili. Shida ni kwamba simu ikishafunguliwa, gundi ya mfuniko ikatoka na skrubu zikakwaruzwa, muuzaji atasema fundi wako ndo ameiharibu, na hapo wewe ndo unabaki na mzigo wa kueleza. Waranti nyingi za kampuni nazo zinakufa simu ikifunguliwa na mtu asiye wao.

Hili limenikuta mwenyewe. Nilimnunulia mama simu Moshi, mfumo wa chaji ukasumbua siku ya nne, mdogo wangu kwa nia njema akaipeleka kwa fundi pale Majengo. Niliporudi nayo dukani muuzaji aliigeuza mara moja akaona alama ya kifaa pembeni, akairudisha mezani. Sikupata kitu, na mama akarudi kwenye kitochi chake.

Umefanikiwa kama simu iko vilevile ilivyotoka dukani, bila mkwaruzo mpya na bila mfuniko kuguswa.

## Hatua ya 2: Hakikisha ubovu ni wa simu

Hapa ni kumnyang'anya muuzaji visingizio kabla hajavitoa. Haisomi laini? Weka laini nyingine ya mtandao mwingine. Haichaji? Jaribu chaja nyingine na soketi nyingine. Inastaki? Angalia kama nafasi imejaa, manake simu iliyojaa vidio za magrupu itastaki hata kama ni nzima.

Ubovu ukionekana rekodi vidio kwa simu ya jirani. Anza na boksi na risiti, alafu simu, alafu ubovu wenyewe, bila kukata vidio katikati. Sema tarehe kwa sauti. Dakika mbili zinatosha.

Onyo: angalia pia kama iliingia maji. Simu nyingi zina kikaratasi kidogo ndani kinachobadilika rangi kikiguswa na maji, kwenye iPhone kinaonekana pale unapotoa laini, kikiwa chekundu maji yaliingia. Kama simu iliangukia kwenye ndoo au kioo kilipasuka mkononi mwako, huo sio ubovu wa kumdai muuzaji, na ukijaribu kudanganya utaharibu hata hoja zako za kweli.

## Hatua ya 3: Linganisha IMEI

Bonyeza *#06#, zitatokea namba zenye tarakimu 15, hizo ndo IMEI, yani namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Kama simu ni ya laini mbili zitakua mbili. Linganisha na zilizoandikwa kwenye boksi, alafu na kwenye risiti kama muuzaji aliandika. Kisha tuma hiyo IMEI kwa meseji kwenda 15090, utajibiwa hiyo namba ni ya simu gani.

Kwanini hii ni muhimu? Kuna aina tatu za matatizo na kila moja ina njia yake. Kama IMEI zote zinafanana na jibu linataja simu ileile uliyonayo, una simu halali yenye ubovu. Kama ya simu na ya boksi hazifanani, simu imebadilishwa boksi, pengine ni iliyotumika imepakiwa upya. Na kama jibu linataja simu nyingine kabisa, au haitambuliki, hiyo ni feki, na simu feki zilianza kuzimwa nchini usiku wa tarehe 16 Juni 2016, kwa hiyo hata ikiwa nzima leo haina usalama.

Piga skrinshoti ya jibu. Kama ni feki nenda hatua ya 4, ila ujue hapo umeuziwa kitu kisicho chenyewe, na muuzaji hana cha kukutengenezea, anatakiwa kurudisha hela.

## Hatua ya 4: Mwambie muuzaji leo hii, kwa maandishi

Hii ndo hatua watu wanayoiruka kuliko zote, na ndo inayowaumiza.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ile Sura ya 214, inasema ukikaa na bidhaa muda wa kutosha bila kumjulisha muuzaji kwamba umeikataa, unahesabika umeikubali. Ukishahesabika umeikubali, haki ya kuirudisha na kudai hela yote inapotea, unabaki na haki ya kudai fidia tu, mfano gharama ya matengenezo. Sheria haijataja siku ngapi, inategemea na mazingira, kwa hiyo usihesabu siku, tuma leo.

Kupiga simu hakutoshi kwa sababu hakuachi alama. Meseji na WhatsApp zinaacha, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ushahidi wa namna hiyo unapokelewa mahakamani. Tuma kitu kama hiki:

"Habari boss. Tarehe 4 mwezi huu nilinunua kwako simu (taja aina), IMEI (andika), kwa shilingi (andika), risiti namba (andika). Tangu tarehe 7 inajizima yenyewe kila baada ya dakika chache. Siikubali simu hii kwa ubovu huo. Naomba unibadilishie au unirudishie hela. Nakuja dukani kesho saa 4 asubuhi. Vidio ya ubovu hii hapa."

Usitukane wala usitishe. Meseji hii siku moja itasomwa na mtu asiyekujua.

Hapa niseme na wale wa Desemba. Watu wananunua simu Arusha au Dar mwanzoni mwa mwezi, wanaipaki vizuri, mzee anaifungua Krismasi kule Marangu au Rombo, ndo inagundulika kioo kina mstari. Wiki tatu zimeshapita. Ifungue siku ya kununua, iwashe, ichaji, piga, pigiwa, jaribu kamera zote mbili na spika, alafu ndo uipaki upya. Mzazi hatajali boksi limefunguliwa.

Umefanikiwa ukiona tiki mbili kwenye WhatsApp, au akijibu chochote hata kama amejibu kwa hasira.

## Hatua ya 5: Toa vitu vyako ndani

Hifadhi picha na namba, fanya chelezo ya WhatsApp, toa laini na memori kadi. Laini usiiache kabisa, ina hela zako.

Ondoa akaunti ya Google au ya iCloud kwenye simu kabla ya kufuta kila kitu. Ukifuta bila kuondoa akaunti simu inaweza kujifunga, na muuzaji atasema hawezi hata kuipima. Kama simu haiwaki kabisa, mwambie hivyo kwenye meseji ili isije ikageuka kua kosa lako.

## Hatua ya 6: Nenda dukani

Nenda asubuhi, siku ya kazi. Jumamosi mchana duka limejaa na mwenye duka hataki kuaibika mbele ya wateja, atakua mkali. Muulizie mwenye duka au msimamizi, maana yule kijana wa kaunta mara nyingi hana ruhusa ya kutoa hela hata akikuonea huruma. Nenda na mtu mmoja mzima mwenye busara awe shahidi, usiende na kundi.

Ukifika weka risiti mezani kwanza, alafu simu, onyesha ubovu, sema unachotaka. Alafu nyamaza umsikilize. Majibu utakayopata nayajua karibu yote.

"Mama yangu, soma hapo ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Hilo tangazo halifuti haki yako kwa simu mbovu. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu haki alizonazo. Tangazo linaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo, kwamba nilitaka nyeusi sasa nataka ya bluu, huyo kweli hana cha kudai. Ila simu mbovu ni jambo lingine. Jibu taratibu: "Kaka, sijabadili mawazo, simu ni mbovu, na tangazo haliwezi kushinda sheria."

"Nenda kwa kampuni, sisi tunauza tu." Wewe hela ulimpa nani? Makubaliano ya kuuziana ni kati yako na duka, na duka linalofanya biashara ya simu ndo linalobeba wajibu kwamba simu iwe na ubora wa kuuzika na ifanye kazi ya simu. Waranti ya kampuni ni nyongeza juu ya hapo. Unaweza kuchagua kwenda kituo cha huduma cha kampuni kama unaona ni haraka zaidi, na wakati mwingine ni haraka kweli, ila uende kwa kutaka mwenyewe, na uwe umeshamtumia muuzaji ile meseji.

"Waranti yetu ni ya siku saba." Siku saba za duka ni ahadi ya duka. Ubovu uliokuwepo tangu simu inatoka kiwandani haufi siku ya nane kwa sababu mtu kaandika kwenye karatasi. Ila kadiri unavyochelewa ndivyo inavyokua ngumu kuonyesha kwamba ubovu ulikuwepo toka mwanzo.

"Uliijaribu hapa ukaikubali." Hii ina nguvu kidogo, nisikudanganye. Kama ulikagua simu dukani, ubovu ambao ukaguzi ule ungeuonyesha huwezi kuudai baadae. Kioo chenye ufa ulichokiona ukanunua, basi. Lakini betri inayokufa baada ya siku tatu hakuna mtu angeiona kwa kuwasha simu dakika tano.

"Hii ilikua used, tulikwambia." Duka linalouza used nalo linabanwa, ila kipimo kinashuka, simu ya miaka mitatu hutegemei betri ya mpya. Kama walikwambia kabisa alama ya kidole haifanyi kazi, hiyo umeikubali. Kama waliandika kwenye tangazo kwamba kila kitu kizima, maneno yao yanawabana, yapige skrinshoti kabla hawajayafuta. Ukinunua kwa mtu binafsi mtaani ambaye sio mfanyabiashara wa simu, ulinzi wa ubora haupo, unabaki na hoja kama ya kwamba alikudanganya.

Kuna kitu kingine watu wanasahau. Kama ulimweleza muuzaji unataka simu ya kazi gani, mfano ulimwambia nataka inayokaa na chaji siku nzima niko shambani kule Usa River, akakuchagulia yeye kwa ujuzi wake, basi simu inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Mkumbushe, na ukiwa na meseji mliyoandikiana kabla ya kununua ni dhahabu.

Amua kabla hujatoka nyumbani utakubali nini. Mimi nawashauri hivi: ubovu mkubwa ndani ya siku chache, dai hela au simu nyingine mpya, usikubali kutengenezewa. Simu imeshakaa miezi minne, kutengenezewa bure ni sawa, ukatae tu kulipia vifaa.

Umefanikiwa ukitoka na hela, au simu nyingine, au karatasi yenye tarehe. Ukitoka na "tutakupigia" hujafanikiwa.

## Hatua ya 7: Ukiiacha simu, dai karatasi

Kamwe usiache simu mkononi mwa mtu bila maandishi. Karatasi iwe na IMEI, ubovu ulioelezwa, hali ya kioo na mwili, vitu ulivyoviacha, tarehe ya kuirudisha, jina, saini na muhuri wa duka. Piga picha ya simu ikiwa juu ya hiyo karatasi.

Wakikataa kuandika, chukua simu yako ondoka, alafu tuma meseji hapohapo nje: "Leo saa 4 na nusu nimekuja na simu, umekataa kuipokea." Kisheria ukishamjulisha muuzaji kwamba umeikataa bidhaa kwa haki, sio lazima wewe ndo uihangaikie kuirudisha. Ila itunze, usianze tena kuitumia.

## Hatua ya 8: Barua ya siku saba

Hapa ndo mngekuja kwangu. Ukurasa mmoja unatosha: nilinunua nini, lini, bei gani, ubovu ulianza lini, nilikujulisha lini, nilikuja lini, ulinijibu nini, nadai nini, nakupa siku saba kuanzia utakapopokea. Ambatanisha kopi ya risiti na picha. Nakala halisi baki nazo.

Jina andika lile lililopo kwenye risiti ya EFD pamoja na TIN, yani namba ya mlipakodi, sio la kwenye bango. Bango linaweza kuandikwa jina la mtoto wake wakati biashara imesajiliwa kwa jina lingine kabisa, na huko mbele ukimshtaki "duka" lisilokuwepo utarudishwa uanze upya. Peleka barua nakala mbili, moja wasaini kupokea. Wakigoma kusaini, shahidi wako aandike aliona, na uitume picha yake WhatsApp.

Wengi wanalipa hapa. Nimeona mwenye duka aliyemzungusha mama mmoja wiki mbili, barua ilipofika asubuhi, jioni alimpigia aje achukue hela yake.

## Hatua ya 9: Peleka FCC

Siku saba zikipita, nenda Tume ya Ushindani, FCC, ndo yenye kazi ya kumlinda mlaji. Ofisi ya kanda ya kaskazini iko Arusha, kwa hiyo mtu wa Moshi apange safari moja, kama kilomita 80 hivi, abebe kila kitu asije akarudi. Peleka maelezo mafupi, kopi ya risiti, barua, skrinshoti, na namba ya muuzaji. Kama simu ni feki sema mwanzoni kabisa, bidhaa bandia ni kazi yao vilevile.

Ukiwa Moshi na nauli ni shida, pita kwa afisa biashara wa manispaa. Hawezi kutoa hukumu, ila biashara inaendeshwa kwa leseni na muuzaji akiitwa na ofisi hiyo huwa anasikia.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nao wana ofisi ya kanda Arusha. Hao wahusishe kama shida ni IMEI au simu imefungiwa mtandao.

Polisi? Ubovu wa simu ni madai, sio jinai, watakwambia mkayamalize wenyewe. Kama simu uliyouziwa ni ya wizi hiyo ndo yao, na uende haraka kabla hujakutwa nayo.

Onyo kubwa: usimwanike muuzaji kwenye magrupu kwa maneno usiyoweza kuyathibitisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na kwa hasira ya jioni moja utajikuta wewe ndo unaitwa. Wala usibebe simu nyingine kaunta ukasema umejilipa.

## Hatua ya 10: Mahakama ya Mwanzo

Deni la bei ya simu linasikilizwa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Utalipa ada ya kufungua, na ukishinda unaweza kuomba mdaiwa akurudishie gharama. Peleka risiti, vidio, meseji zilizochapishwa, barua iliyosainiwa, na yule shahidi aliyekusindikiza dukani.

Ukikwama kuandika maelezo, watafute wasaidizi wa kisheria wa eneo lako, wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawatakiwi kukutoza.

## Ukishabadilishiwa simu

Usikimbie na furaha. Palepale dukani bonyeza *#06#, linganisha na boksi jipya, tuma 15090, weka laini yako upige. Risiti ya zamani ina IMEI ya simu uliyorudisha, kwa hiyo waandike IMEI mpya kwenye risiti au karatasi ya mabadilishano, wagonge muhuri na tarehe ya leo, na waseme waranti inaanza upya au inaendelea ya zamani. Kama simu ilikua ya mkopo, wajulishe na waliokukopesha kwa maandishi, la sivyo watabaki wanadai simu ambayo huna tena.